Mkitaka kufungua kanisa watu waone historia, anzeni na wenyeji

Watu wa makanisa mengine wameniuliza sana tulifanyaje ile siku tuliyofungua kanisa kwa kijiji kizima, si ibada wala si harambee, watu tu waingie waangalie vitu vya zamani na kusikiliza wazee, kwa hivyo naandika yote hapa mara moja. Sisi ni Wamethodisti wa huku nyuma ya Mombasa, karibu na Ribe.

Kubwa kuliko yote ni kwamba historia isiwe ya wamishonari peke yao. Huku kwetu hata mtoto wa Sande skuli atakwambia Thomas Wakefield alifika Ribe 1862 akiwa pamoja na Krapf, yule mmishonari Mjerumani aliyemtangulia Pwani, na Charles New akafuata mwaka uliofuata, yule aliyepanda Kilimanjaro 1871 mpaka akagusa theluji. Hayo yasemwe, tena kwa heshima, manake walipata tabu kweli, Rebecca mke wa Wakefield alifia hapo hapo Ribe 1873. Lakini nani aliwapokea, nani aliwafundisha lugha, nani aliwaonyesha njia? Wakefield alipochapisha habari za njia za misafara ya kwenda bara, 1870, alikuwa amezipata kwa Sadi bin Ahedi, mtu wa misafara wa hapa hapa Pwani. Jina lake tuliliandika ukutani kwa herufi sawa na za Wakefield, na majirani zetu Waislamu walisimama pale wakauliza maswali mpaka mchungaji akavuta kiti akakaa nao.

Halafu kuna habari ya watoro, na hapa nendeni polepole. Watumwa waliotoroka kwenye mashamba ya pwani walikimbilia misheni za Rabai, Ribe na Jomvu, na Januari 1889 zaidi ya 1,400 walipata hati za uhuru baada ya kampuni ya Waingereza, IBEA, kuwalipa fidia waliojiita mabwana zao. Wajukuu wao ndio tunakaa nao benchi moja. Ukiwa na rejista ya ubatizo inayosema fulani ni Myao au Mnyasa, yaani watu wa mbali bara walikotoka wengi wa watumwa hao, usiiweke mezani kabla hujaenda nyumbani kwa ile familia ukaongea nao faragha, wengine watakubali kwa furaha na wengine watasema hapana, na hapana yao iheshimiwe. Bibi mmoja tulimwendea mapema, siku yenyewe akaja na wajukuu, akatuomba tumsomee ule mstari, wino umeshageuka rangi ya kahawia, jina la ubatizo, jina la zamani pembeni, basi akaweka kidole chini ya lile jina la zamani akawaambia watoto "huyu ndiye mama wa bibi yangu, mnaona alikuwa na jina lake." Mimi kwa hilo tu ningefanya kazi yote ile tena.

Kuhusu hizo rejista jamani, msizilaminishe! Na selotepu usiguse kabisa, inakula karatasi. Piga picha kila ukurasa kwa simu, mchana, bila flashi, print zile kubwa ubandike ukutani watu washike wanavyotaka, na kitabu chenyewe kikae juu ya kanga safi mbali na dirisha, mtu mmoja tu ndiye anafungua na mikono yake iwe imeoshwa ikakauka.

Makaburi fyekeni nyasi basi. Vijana watataka kusugua kwa brashi ya waya na kupaka chokaa ili papendeze, wakatazeni, maandishi yakifutika hayarudi. Ukishindwa kusoma jiwe nenda asubuhi sana jua likiwa chini linapiga kwa ubavu, herufi zinatokea zenyewe.

Sasa Kaya, yaani msitu mtakatifu wa Mijikenda unaolindwa na wazee. Kaya Ribe ni moja ya zile kaya za Mijikenda zilizoingia urithi wa dunia wa UNESCO 2008, na wageni lazima watauliza. Msijifanye nyinyi ndio wa kuwatembeza. Tuliwaendea wazee wa kaya kama inavyotakiwa, tukawaomba, na mmoja akaja akakaa mbele kanisani akaeleza yale yanayoruhusiwa kusemwa. Kuna washirika walinung'unika eti mambo ya kaya yanaingiaje nyumba ya Mungu, tukakaa nao tukaongea, na mimi msimamo wangu ni ule ule, huo msitu ulikuwa hapa kabla ya kanisa na wazee wake ndio waliotupokea.

Mkirekodi wazee wekeni simu eapleni modi isiite katikati, na usimwambie bibi "tueleze historia," atanyamaza. Muulize aliimba wimbo gani siku ya harusi yake. Ataanza na wimbo, afu utasikia habari za barabara, za njaa, za shule ya kwanza, zote.

Kiingilio msitoze. Chai na mahamri akina mama watapanga wenyewe, hawahitaji ushauri wangu. Tarehe ndio muhimu, epukeni Aprili na Mei manake ni mvua na watu wako shamba, Agosti ni nzuri shule zikifungwa na watu wa mjini wanakuja nyumbani, na waambieni mapema watafute picha za zamani kwenye masanduku waje nazo, mtazipiga picha pale pale na kila mtu arudi na yake.