Dawa inataka muda, mwanangu

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni Mtanzania, nina miezi 3 tangu nianze kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba moja hapa Minnesota. Niko zamu ya usiku, na usiku ndiyo tunasafisha viti vya magurudumu, mashine ya kupima sukari na vyombo vya vyumbani. Mimi napangusa kwa vile vitambaa vyenye dawa, kisha nakausha na karatasi ili mzee asikalie majimaji. Juzi nesi akaniambia nafanya kazi bure, akaondoka. Tena kuna mzee anaharisha, mlangoni kwake wamebandika tunawe kwa sabuni, tusitegemee dawa ya kupaka mikononi. Kwani ile ya kupaka si ndiyo kali zaidi? — Msomaji, Minnesota

JIBU: Marahaba mwanangu. Nesi alisema kweli, lakini alipaswa kusimama akueleze.

Geuza kopo la vitambaa usome lebo. Imeandikwa sehemu iliyopanguswa ibaki imelowa dakika ngapi: nyingine 1, nyingine 3 au 4. Muda huo ndio dawa inaua. Ukikausha baada ya sekunde 10, umeifuta kabla haijafanya lolote. Kwa hiyo safisha kiti mzee akiwa amelala, ukiache kikauke chenyewe.

Na uchafu utangulie kutoka. Dawa haipenyi uji uliogandia. Nimefanya kazi hii miaka 16, na kuna kiti ambacho sikisahau, cha bibi mmoja aliyekuwa mwalimu. Kilinuka mkojo, na kila zamu ilikipangusa. Binti yake akawa anamletea manukato, maana wote tuliamini harufu ni ya bibi mwenyewe. Usiku mmoja nikavua kifuniko cha mto wa kukalia. Sponji ilikuwa imelowa, ya manjano hadi katikati, na kwenye mshono kulikuwa na uji mkavu na nusu kidonge. Tulikuwa tunang'arisha juu tu. Alipopata mto mpya harufu iliisha siku ileile, na mimi nilimwomba radhi bibi yule. Bado inaniuma.

Mashine ya sukari isafishwe kila baada ya mzee mmoja, hata kama huoni damu. Virusi vya homa ya ini B hukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi, na hapa Marekani wazee wameambukizwa kwenye nyumba kama hizo kwa sababu ya kuchangia vifaa vya kupimia sukari. Kisindano cha kidole ni cha mtu mmoja, mara moja, kisha kwenye boksi la sindano. Usikubali haraka ya mtu yeyote katika hilo.

Huyo anayeharisha huenda ana bakteria mnaowaita C. diff. Hao hujifunika gamba gumu, na spiriti iliyo kwenye dawa ya kupaka hailivunji. Sabuni nayo haiwaui, ila ukisugua chini ya maji yanayotiririka wanaondoka na maji. Vaa glovu, na ukishazivua, nawa. Vifaa vyake vinataka vitambaa vyenye jiki, na kipimo chake cha presha kibaki chumbani mwake. Jiki usiichanganye na dawa nyingine, wala usiimimine kwenye chupa yenye mkojo. Hutoa hewa yenye sumu.

Hukuuliza beseni, lakini nakuambia: kila mzee lake, lenye jina, lisikae sakafuni, na la kunawia uso lisitumbukizwe ndani ya la haja. Mpira wa oksijeni ukidondoka chini, omba mwingine.

Leo ukiingia zamu, kabla hujafungua kopo, vua vifuniko vya mito ya viti vyote, uguse sponji kwa glovu. Iliyolowa mwonyeshe nesi usiku huohuo, na uhakikishe ameandika.