Jibu: Geji za dijitali kwenye lori la dizeli la zamani

Mkuu, umeuliza kama kifaa cha kusoma kompyuta ya gari kitafanya kazi kwenye lori la zamani lenye pampu ya dizeli ya kimakanika, ili upate geji za dijitali. Hapana, maana lori hilo halina kompyuta. Kila kipimo lazima ukifungie sensa yake.

Kama hela inatosha sensa moja tu, nakusihi uanze na joto la ekzosi. Funga thamokapo ya aina K (sensa ya waya inayopima joto kali) kwenye manifoldi, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini, kabla ya turbo. Ukiifunga baada ya turbo joto huwa limeshashuka na geji itakuficha hatari. Ukipanda mlima na joto likakaa juu ya nyuzi 700 za Selsiasi hivi, punguza mafuta au shusha gia, pistoni za alumini hazivumilii. Na tafadhali, toa manifoldi kabla ya kutoboa! Chembe za chuma zikiingia kwenye turbo zinaharibu mapanga yake.

Kasi ya mzunguko wa injini (RPM) utaipata kwenye waya wa W wa altaneta, unaotoa mapigo ya umeme kadiri injini inavyozunguka, kama inao. Kurekodi vipimo hivyo, Arduino (kibodi kidogo cha kielektroniki unachokiprogramu mwenyewe) na kadi ya kumbukumbu vinatosha kabisa, ila umeme wa volti 24 upitie kwanza kwenye fyuzi na kipunguza volti.