Barua kwa mwanangu: Dirisha la mzee Mel Brooks

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliupata jana usiku, nikausoma mara mbili. Unasema umefika katikati ya kile kitabu nilichokupa, ambamo Mel Brooks, yule mchekeshaji na mtengenezaji filamu wa Marekani, anasimulia maisha yake; umecheka hadi mbavu zikauma, ila kuna jambo linakukera. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 2 tu, na mzee amelipita jambo hilo kama mtu anayeruka dimbwi. Kisha ukauliza: "Mama, huyu anatuficha nini? Na kitabu kama hiki nikisome cha nini?"

Nimekaa na swali lako tangu asubuhi.

Kwanza angalia alikiandika akiwa na umri gani. Alizaliwa mwaka 1926, na kitabu kikatoka mwaka 2021. Alikuwa na miaka 95. Mkewe, Anne Bancroft, alifariki mwaka 2005. Rafiki yake wa maisha, Carl Reiner, aliyekuwa akichekesha naye tangu ujanani, alifariki mwaka mmoja tu kabla ya kitabu kutoka. Angetaka kututoa machozi, sababu alikuwa nazo tele. Mtu wa umri huo hajasahau uchungu wake. Amechagua tu atakachotuachia mkononi.

Sasa rudi kwenye lile dirisha, pale mwanzoni. Najua ulicheka ukapita, maana hata mimi mara ya kwanza nilicheka nikapita. Yuko mtoto mdogo, ametazama ile filamu ya Frankenstein ya mwaka 1931, na usiku hawezi kulala. Ni msimu wa joto, nyumba inafuka, yeye anataka dirisha lifungwe, la sivyo zimwi la filamu ile litaingia limle. Mama yake hamwambii aache upuuzi alale. Anakaa naye wapige hesabu. Zimwi linaishi Transylvania, mbali huko. Itabidi kwanza lifike baharini, lipate meli, livuke hadi Marekani. Likishashuka, litaijuaje njia ya Brooklyn? Na hata likiijua, wao wanakaa ghorofa ya juu. Kuna majirani wa chini litakaowakuta kwanza. Mtoto anasikiliza, anaona mama ana hoja, anakubali dirisha libaki wazi.

Mara ya pili nilipofika hapo nilikiweka kitabu magotini. Mama yule alikuwa na watoto 4 wa kiume na hakuwa na mume. Usiku ule hapakuwa na mtu mwingine wa kuinuka kwenda kumtuliza mtoto. Ni yeye tu, na uchovu wake, na akili yake. Unasema mzee amemruka baba yake. Mimi naona baba yuko pale pale dirishani: yuko katika nafasi aliyoiacha, katika mama anayelazimika kuwa na jibu kwa kila zimwi. Ukimtafuta kwenye mistari ya msiba humpati. Na hofu ile ya mtoto haikupotea bure, kwani mwaka 1974 mzee alitengeneza filamu yake mwenyewe ya kuchekesha kuhusu zimwi lile lile.

Utaniuliza kama mama alisema vile neno kwa neno. Sidhani, na sioni kama ni kosa. Mchekeshaji husimulia kisa kimoja mara mia. Wapi watu wamecheka, hapo anapaacha. Wapi wamepoa, anapapunguza. Kikifika kitabuni kimeshalainika kama mpini wa jembe lililolimiwa miaka. Mimi siupimi mpini kwa kutafuta magome ya mti ulikotoka. Nauliza kama jembe linalima. Hofu ya mtoto ni ya kweli? Upendo wa mama ni wa kweli? Basi.

Lakini sikusifii kila ukurasa. Zile sura za katikati, anapotaja filamu moja baada ya nyingine na kumsifu kila mwigizaji, zipite haraka bila woga. Mimi nilizipita.

Kingine, nadhani unakisoma mbio mno. Jukwaani mchekeshaji ana uso, ana sauti, ana kile kimya kifupi kabla ya neno la mwisho, na mara nyingi kicheko kinazaliwa kwenye kimya hicho. Karatasi haina kimya. Kwa hiyo mwandishi huliweka neno lenye kuchekesha mwisho kabisa wa sentensi, kisha nukta ndiyo inayonyamaza kwa niaba yake. Ukisoma mbio unazikanyaga nukta. Buster Keaton, mchekeshaji wa zile filamu za zamani zisizo na sauti, alilijua hili akiwa bado mtoto, akiigiza na wazazi wake waliokuwa wakimrusharusha jukwaani: akicheka mwenyewe, watu walipoa, akiukausha uso, ukumbi ulivunjika mbavu. Uso mkavu haukuwa na maana kwamba haumii akianguka.

Hata vita utaona anavipita hivyo hivyo. Alikuwa askari wa Marekani huko Ulaya katika Vita Kuu ya Pili, kijana Myahudi, katika kikosi cha wahandisi. Baadaye akamgeuza Hitler kuwa kichekesho kwenye filamu yake ya kwanza, na uandishi wa filamu hiyo ukampatia tuzo ya Oscar. Wako waliochukizwa. Yeye amekuwa akisema kwa miaka mingi kwamba dikteta humwezi kwa hotuba, kwa sababu hotuba ndiyo kazi yake, mfanye achekwe. Mtu anayefikiri hivyo sioni kama anakwepa.

Nikupe kingine kisha niseme la kwetu. Charlie Chaplin, katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1964, anasimulia alivyopanda jukwaani mara ya kwanza, akiwa na miaka 5, mjini Aldershot, Uingereza. Mama yake alikuwa mwimbaji. Usiku ule sauti ilimkatika katikati ya wimbo, na ukumbi, ambao wengi wao walikuwa askari, ukaanza kumzomea. Mtoto akasukumwa mbele ashike nafasi yake. Akaimba, wakamtupia sarafu. Akasimama akatangaza kwamba ataokota hela kwanza, kisha ataendelea. Watu wakaangua kicheko. Halafu, bila kujua afanyalo, akamwigiza mama yake akiimba, hata pale sauti ilipokatika. Wakacheka zaidi, wakamshangilia. Kwa simulizi yake, mama hakupanda jukwaani tena.

Nilipoisoma hiyo nilikukumbuka wewe.

Ulikuwa na miaka 6. Baba yenu tulikuwa tumemzika wiki tatu nyuma, na ndani ya nyumba tulikuwa tukizungumza kwa kunong'ona kana kwamba amelala. Ukaichukua miwani yake, ukaipandisha kwenye paji la uso kama alivyozoea, ukaanza kuizunguka sebule ukiitafuta. Chini ya mito. Nyuma ya redio. Ukaguna mguno wake ule, ukasema, "Nani kaichukua miwani yangu?" Dada yako akatoa kicheko kikamponyoka, kisha akaziba mdomo akanitazama, aone kama inaruhusiwa.

Nikacheka. Sikuwa nimepona, mwanangu. Nilicheka kwa sababu ulikuwa umempata barabara, hadi ule mguno, na kwa dakika moja alikuwa sebuleni. Usiku ule tukaanza kumtaja kwa sauti ya kawaida. Kama siku moja utaandika habari zake, sitakulaumu ukianza na miwani na hospitali ukaitaja kwa sentensi moja. Nitajua yuko wapi ndani ya kitabu chako.

Kwa hiyo endelea kukisoma. Lakini kwanza urudi kwenye lile dirisha, na ukifika hapo nipigie. Usinisimulie, nisomee kwa sauti, na kila penye nukta utue kidogo.

Mama yako