Mpwa wangu, pikipiki usiiuze kwanza

Umeniuliza kama uuze pikipiki upate tiketi, uje Copenhagen tupige saksafoni wote. Mama yako naye kaongeza kwamba Majengo nzima wanajua mjomba anapiga jazi Ulaya. Ni kweli, napiga. Ile picha mliyoiona ilikuwa Ijumaa, watu kumi na wanane, mhudumu wa kaunta ndani yake, na malipo tuligawana wanne. Alfajiri yake nilikuwa nadeki ofisi za watu. Kodi ya nyumba inatoka kwenye deki.

Nikienda kazini napita makaburi ya Assistens. Humo amelala Ben Webster, mpiga saksafoni wa jazi, mtoto wa Kansas City, Marekani, aliyepiga kwenye bendi ya Duke Ellington. Mwaka 1964 alihamia Ulaya, hakurudi kuishi kwao, akafia Amsterdam mwaka 1973, majivu yakazikwa hapa. Zamani nilikuwa nasimama pale najifariji. Siku hizi napita mbio, basi lisiniache.

Mazoezi nafanyia ndani ya kabati, makoti yananing'inia usoni, maana jirani wa juu akisikia noti mbili tu anagonga sakafu. Halafu baridi: saksafoni ikipoa sauti inashuka. Mara ya kwanza nilidhani ni mimi nimesahau kupiga! Nikiwatajia wanamuziki wa huku bendi zetu za zamani, Tabora Jazz na Morogoro Jazz, wanachangamka, nikiwapigia lile dansi wananikodolea macho. Sisi jazi tulichukua jina, chakula tukapika wenyewe.

Wewe Desemba, watu wakisharudi nyumbani kula sikukuu, Jumamosi moja una harusi mbili na matarumbeta ya usharika, na ndafu hukosi. Mimi Desemba iliyopita nilipiga mara moja, nyumba ya wazee, nikalipwa keki.

Mbona sirudi? Sikwepi. Kuna kilabu hapa ambako Jumatatu usiku yeyote anapanda jukwaani. Nilisimama pembeni ya mzee mmoja mwenye mvi, akanionyesha kwa macho tu mahali pa kunyamaza. Nyumbani nilifundishwa kupuliza. Kunyamaza nimejifunzia huku, na bado sijashiba.

Ukitaka kuja, tafuta kwanza nafasi ya chuo, uje na kibali cha masomo. Kuja kutembea halafu ujifiche, mimi simo, na mama yako usimdanganye.

Nimekutumia boksi la ridi, vile vipande vyembamba vya kwenye mdomo wa saksafoni, ugumu namba mbili na nusu. Usizitie chini ya kiti cha pikipiki, joto litazipinda.