Modeli imefaulu mtihani, mbona protini mpya zinaiumbua?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimefunza modeli ya ujifunzaji wa kina ikadirie dawa inaishika protini kwa nguvu kiasi gani, kwa data ya Davis (mkusanyo wa vipimo vya dawa zinavyoshika protini). Kwenye mtihani ilipata alama za kutisha. Nilipoipa protini isizozijua, ikabaki kubahatisha. Niongeze matabaka ya modeli?
Mwanafunzi wa uzamili

JIBU: Marahaba. Usiongeze hata moja. Mimi niliongeza, nikapoteza miezi miwili na bado ikawa vilevile.

Data hiyo, ya mwaka 2011, ina dawa 68 na kinasi (aina ya protini) 442, yaani jozi 30,056. Bila shaka ulizichanganya zote ukatenga fungu la sita kwa mtihani. Basi kila dawa iliyotokea kwenye mtihani, modeli ilishakutana nayo mara zaidi ya mia tatu, na kila kinasi mara hamsini na kitu. Ulimpa mwanafunzi maswali ya daftarini mwake. Tena jozi zaidi ya 20,000 zimeandikwa nanomola 10,000 (namba ikiwa kubwa, mshikano ni dhaifu), maana yake kipimo hakikuona mshikano wa maana. Ukishazigeuza kuwa mola na kuchukua logi hasi, zote zinakuwa 5. Modeli mvivu ikijibu 5 kila mahali, inapatia mara mbili katika tatu!

Mimi nilishtuka siku nilipoipa kila kinasi herufi za ovyo mahali pa mfuatano wake wa asidi amino (matofali ya protini, kila moja na herufi yake), nikafunza upya. Alama hazikutikisika. Ilikuwa imekariri majina tu, kemia haikuwamo.

Gawa data kwa protini, na ndugu, yaani protini zinazofanana, wakae upande mmoja. Humo kuna kinasi iitwayo ABL1 pamoja na nakala zake zenye mabadiliko. Ukiitia moja kwenye mafunzo na nyingine kwenye mtihani, umeshavujisha majibu. Alama zitaporomoka. Ziandike hivyohivyo kwenye tasnifu, msimamizi akinuna anune.

Kisha iulize kuhusu imatinib, dawa ya saratani ya damu, na ABL1, halafu imatinib na ABL1 yenye badiliko la T315I. Hapo threonini ya nafasi ya 315 imekuwa isolusini: herufi moja katika zaidi ya elfu, na dawa haishiki tena. Yangu ilinipa namba mbili zilizoachana kwenye desimali ya tatu. Yako ikoje?