Shule inataka nisaini barua ya kumsomesha mwanangu nyumbani: sheria inasemaje?

SWALI: Salaam, Wakili. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, kwa sasa naishi Leicester, England, na wanangu wawili, na kazi yangu ni kuhudumia wazee zamu ya usiku. Mkubwa ana miaka 13. Tangu Septemba wenzake wamekuwa wakimwonea, akaanza kukataa kwenda shule, na mahudhurio yake yakashuka sana. Wiki iliyopita niliitwa shuleni nikapewa karatasi iliyokwisha kuchapwa, inayosema kwamba mimi mzazi nimeamua kumsomesha nyumbani. Imebakizwa nafasi ya sahihi tu. Nimeambiwa nisiposaini nitatozwa faini. Je, kumsomesha mtoto nyumbani kunaruhusiwa, na nikisaini serikali itanidai nini?

JIBU: Pole sana, mama. Nitajibu maswali yako yote mawili, ila nakuomba usisaini chochote kabla hujamaliza kusoma haya.

Kumsomesha mtoto nyumbani ni halali nchini England. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Elimu ya mwaka 1996 kinamtwika mzazi mwenyewe jukumu la kuhakikisha kwamba mtoto aliyefikia umri wa lazima anapata elimu ya kutwa, yenye ufanisi, inayolingana na umri, uwezo na vipaji vyake, pamoja na mahitaji yake maalumu kama anayo, ama kwa kuhudhuria shule ama kwa njia nyingine. Kilicho lazima, basi, ni elimu. Shule ni njia mojawapo ya kuipata. Ndiyo maana mzazi wa mtoto aliye katika shule ya kawaida haombi ruhusa: humwandikia mwalimu mkuu, naye hufuta jina la mtoto kwenye rejista na kuiarifu halmashauri. Ruhusa ya halmashauri huhitajika pale mtoto alipopelekwa na halmashauri hiyo katika shule ya mahitaji maalumu. Uskoti ina sheria yake, na huko mtoto aliyekwisha kusoma shule ya umma haondolewi bila idhini.

Baada ya hapo hulazimiki kufuata mtaala wa taifa wala ratiba ya shule, wala huhitaji cheti cha ualimu. Hata hivyo serikali haikuachi kabisa, kwa sababu kifungu cha 436A kinaitaka halmashauri iwatambue watoto wasiopata elimu inayofaa, na kwa hiyo itakuandikia kukuuliza unamfundisha nini. Katika kesi ya Phillips dhidi ya Brown, mwaka 1980, mahakama ilieleza kwamba mzazi halazimiki kujibu, lakini akinyamaza halmashauri ina haki ya kuhisi kwamba hakuna elimu inayotolewa. Ikifikia hapo itakupa notisi ya siku zisizopungua 15 ili uiridhishe. Ukishindwa itatoa amri mtoto aandikishwe katika shule iliyotajwa, na kuikaidi amri hiyo ni kosa la jinai. Wazazi ninaowashauri huwa nawaambia wajibu kwa maandishi na waweke daftari lenye tarehe: leo tumefanya hesabu za sehemu kurasa hizi, mtoto ameandika insha hii, Jumatano tulikwenda maktaba akaazima vitabu hivi.

Wengi huniuliza kama Kiswahili na Qur'ani vinahesabika. Mwaka 1985, katika kesi iliyohusu shule ya Kiyahudi, Jaji Woolf alisema elimu inafaa ikiwa inamwandaa mtoto kwa maisha ya jamii yake, mradi isimfungie njia ya kuchagua maisha mengine baadaye. Vinahesabika, basi, lakini kumwachisha hesabu au Kiingereza kunaweza kumfungia njia hiyo.

Sasa tuje kwenye karatasi uliyopewa, ambayo ndiyo inayonitia uchungu. Mwongozo wa Wizara ya Elimu unaeleza kwamba shule haipaswi kumshawishi mzazi amsomeshe mtoto nyumbani ili kukwepa kumfukuza rasmi, au kwa sababu mahudhurio yake ni mabaya. Ungekuwa uamuzi wako, barua ungeiandika wewe. Ukisaini, gharama zote zinakuwa juu yako: vitabu, mwalimu ukimhitaji, hata ada za mitihani ya GCSE, yaani ile ya kumaliza sekondari akiwa na miaka 16 hivi, ambayo mtoto ataifanya kama mtahiniwa binafsi katika kituo utakachokitafuta mwenyewe. Nafasi yake shuleni inaweza kuchukuliwa na mwingine. Wewe unarudi kutoka kazini asubuhi ukiwa hujalala. Fikiria kwa dhati ni nani atakayekaa naye mezani saa tatu.

Linganisha na hali ya mtoto aliyefukuzwa rasmi, kwa kuwa kuanzia siku ya sita ya masomo halmashauri inawajibika kumpatia elimu ya kutwa, na mzazi anaweza kuupinga uamuzi huo mbele ya bodi ya shule, kisha mbele ya jopo huru. Aliyesaini kwamba ameondoa mwanawe kwa hiari hana hata kimoja kati ya hivyo. Faini uliyotishiwa, kwa kosa la kwanza, ni pauni 160, au pauni 80 ikilipwa ndani ya siku 21. Kwa mshahara wako si ndogo, najua, lakini usiilinganishe na miaka mitatu ya masomo.

Iandikie shule barua au baruapepe ukieleza kwa tarehe jinsi mwanao anavyoonewa, uulize imechukua hatua gani chini ya sera yake ya kuzuia uonevu, na useme wazi kwamba hukuomba kumtoa. Kama hofu imemfanya augue, mpeleke kwa daktari apate maandishi, kwa sababu chini ya kifungu cha 19 cha sheria ileile ya 1996 halmashauri ina wajibu pia kwa mtoto asiyeweza kuhudhuria kutokana na maradhi. Nakala ya barua ipeleke kwa ofisi ya elimu ya halmashauri.

Ikiwa baada ya yote hayo wewe na mwanao mtaona kwa hiari yenu kwamba nyumbani ndiko kunakomfaa, iulize kwanza halmashauri ni masharti gani yanayotumika wakati huo, kwa kuwa muswada uliowasilishwa bungeni Desemba 2024 ulikusudia kuanzisha rejista za watoto wasiosoma shuleni. Ile karatasi ya shule usiichane wala usiirudishe. Andika nyuma yake tarehe uliyopewa na cheo cha aliyekupa, uihifadhi, kwa maana ndiyo ushahidi wako wa kwanza.