Jibu: Neil Young laivu, nianzie wapi?

Mkuu, kama unataka albamu ya laivu ya Neil Young, mwanamuziki wa Kanada, bila makelele ya magitaa ya umeme, anza na Live at Massey Hall 1971. Ilirekodiwa Toronto, Januari 1971, yuko peke yake na gitaa kavu na piano, basi. Utamu wake: Heart of Gold anaipiga kwa piano, imeunganishwa na A Man Needs a Maid, na ukumbi umetulia tu kwa sababu hakuna aliyeijua bado. Harvest, albamu yenye nyimbo hizo, ilitoka 1972! Prodyuza wake, David Briggs, alitaka shoo hii itolewe kabla ya Harvest, Neil akagoma. Ikakaa kabatini hadi 2007. Mimi namuunga mkono Briggs. Sikiliza kwa hedifoni.